Kabla Hujang'oa Sanduku la Hewa: Mwongozo kwa Mwenye Gari la Kasi Thika na Ruiru

Injini ya lita 2 isiyo na turbo, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika huku umekanyaga mafuta hadi mwisho, hunywa takriban lita 90 za hewa kila sekunde. Lile pipa la lita 200 la kukingia maji ya mvua ingelimaliza kwa sekunde mbili na ushei. Ndiyo maana mazungumzo ya kuongeza nguvu za gari huanzia mdomoni mwa injini: kwenye sanduku la filta, mrija unaoleta hewa na sensa inayoipima. Ndiyo maana pia wengi wenye Subaru Impreza, Legacy na Forester kati ya Ruiru na Thika, wakipata pesa za kwanza za kulishughulikia gari, hung'oa sanduku jeusi la plastiki lililotoka nalo kiwandani na kufunga filta ya koni iliyo wazi, nyekundu, imechomoza chini ya boneti kama uyoga. Gari hulia kweli. Kama linakwenda zaidi ni jambo jingine, na hilo ndilo la kulipima kabla hujatoa pesa. Hoja yangu ni kwamba katika hewa ya Thika na Ruiru mlio na nguvu ni bidhaa mbili, na anayezitafuta zote kwa filta moja ya koni mara nyingi hulipia mbili akapata moja. Nguvu hufuata hewa iliyo baridi, safi na iliyopimwa sawasawa. Mlio hufuata umbo la mrija. Ukizitenga utazipata zote, na sehemu kubwa ya kazi hiyo utaifanya sanduku la kiwandani likiwa bado mahali pake.

Tuanze na mahali penyewe. Thika iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Ruiru imeipita kidogo. Kwa kimo hicho shinikizo la hewa ni takriban hektopaskali 850, ilhali Mombasa ni zaidi kidogo ya 1,010. Kila silinda inapovuta hewa huku kwetu hupata pungufu kwa asilimia 15 hivi kuliko ambavyo ingepata ufukweni. Gari lisilo na turbo lililoandikiwa nguvu za farasi 150 Japani litakuwa na 130 hivi likipita hoteli ya Blue Post pale Thika, hata injini ikiwa haina kosa lolote. Pengo hilo halizibwi na filta yoyote, kwa kuwa filta haiwezi kuleta hewa ambayo haipo. Turbo ndiyo inayoweza kulipunguza, maana kazi yake ni kukandamiza hewa kabla haijaingia kwenye silinda. Lakini turbo nayo ina gharama yake huku juu: hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufikia shinikizo lile lile, na hewa iliyokandamizwa zaidi hutoka ikiwa ya moto zaidi. Kwa hiyo mtu wa Thika anayelinganisha gari lake na namba za majarida ya Japani au Uingereza anaanza akiwa tayari ameachwa nyuma, na akilaumu sanduku la filta anamlaumu asiyehusika.

Mwizi wa pili ni joto, na huyu anazuilika. Hewa hupungua uzito kwa karibu asilimia 1 kila inapopanda nyuzi 3 za Selsiasi. Chukua mchana wa kawaida: nje ni nyuzi 25, umekwama kwenye msongamano wa Githurai, na hewa iliyonaswa chini ya boneti imefika nyuzi 55. Filta ya koni iliyo wazi haina pengine pa kuvuta ila humo humo. Msongamano ukifunguka na ukakanyaga, injini inakula hewa iliyopungua kwa asilimia 9, juu ya ile 15 ambayo kimo kilishaichukua. Sanduku la kiwandani limefungwa, na mdomo wake umeelekezwa nyuma ya fenda au mbele ya rejeta, mahali ambapo hewa ya nje inafika kabla haijaoshwa na joto la injini. Waliolibuni hawakuwa wakifanya ubahili wa plastiki. Walikuwa wanazuia hili hasa.

Mtetezi wa filta ya koni atasema kwamba gari likishika mwendo, upepo hupoza chini ya boneti na tofauti hupotea. Ana haki kwa sehemu. Kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa usiobadilika, baada ya dakika chache, tofauti hupungua sana. Lakini nguvu huhitajika wakati gani? Unapotoka kwenye tuta, unapoingia barabara kuu kutoka barabara ya pembeni pale Ruiru, unapopita lori kwenye mlima. Nyakati hizo huja mara tu baada ya kusimama au kwenda polepole, na ndipo joto liko juu kabisa. Huna haja ya kuniamini wala kumwamini muuza spea. Nunua kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani na kuzungumza na simu, kisha usome joto la hewa inayoingia. Andika joto la nje asubuhi na mchana, andika la ndani ukiwa kwenye foleni, andika tena sekunde 10 na sekunde 60 baada ya kuanza kwenda. Fanya hivyo kwa wiki nzima na sanduku la kiwandani kabla hujafungua hata skrubu moja. Bila daftari hilo hutakuwa na cha kulinganishia.

Kipimo cha pili ni cha bei ndogo na kinasema mengi kuliko tangazo lolote. Unataka kujua sanduku na filta yako vinaizuia hewa kiasi gani, na jibu liko kwenye mpira wa plastiki unaopenya mwanga, mita 3, wenye tundu la milimita 6, unaouzwa katika duka lolote la vifaa vya ujenzi. Ukunje katikati uwe na umbo la herufi U, uufunge kwenye ubao wenye urefu wa kama sentimita 70, na katikati ya miguu miwili uweke utepe wa kupimia. Mimina maji yenye rangi kidogo hadi nusu ya kila mguu. Ncha moja iache wazi ndani ya gari, dirisha likiwa limefunguliwa kidogo. Ncha nyingine ipitishe hadi kwenye mrija wa hewa baada ya filta, kabla ya turbo au throto. Magari mengi yana kimrija kidogo hapo kinachopokea mpira wa kupumulia wa injini, na fundi anaweza kukigawanya kwa muda kwa kiungo cha njia tatu. Tafuta barabara tupu, mtu wa pili akae na ubao na simu ya kurekodi, nawe utie gia ya pili ukanyage hadi mwisho bila kuvuka mwendo unaoruhusiwa. Maji yatapanda mguu mmoja na kushuka mwingine. Tofauti ya vimo ndiyo jibu lako. Miguu ya mpira iwe mirefu kama nilivyosema, maana mifupi itaruhusu maji kunyonywa na injini. Ukimaliza, ondoa kiungo na urudishe mpira vizuri pasibaki mwanya.

Sasa fanya hesabu. Tuseme tofauti ni milimita 250, ambayo ni kizuizi kikubwa kwa gari la kawaida. Milimita 250 za maji ni kama hektopaskali 25, na kati ya 850 tulizo nazo Thika hiyo ni asilimia 3. Hata ukifunga mrija wa ajabu usiozuia hewa hata kidogo, kikomo cha utakachopata ni hiyo asilimia 3: farasi 4 kati ya 130. Filta halisi haitafika hapo, kwa hiyo utapata 2 au 3, halafu joto la chini ya boneti litakudai zaidi ya hizo. Kwenye gari la turbo hesabu inasogea kidogo kwa faida yako, kwa sababu turbo huzidisha kile inachopewa mdomoni; lakini kompyuta ya gari inalenga shinikizo fulani na kulifikia hata mdomo ukiwa umebanwa kiasi, hivyo faida huonekana zaidi katika turbo kuamka mapema kuliko katika nguvu za juu kabisa. Kipimo kikikuonyesha milimita 80 au 100, acha mjadala: sanduku lako halina hatia. Kikizidi 300, kwanza badilisha filta ya karatasi upime tena. Mara nyingi ugonjwa wote ulikuwa vumbi la miezi sita.

Hapa ndipo pingamizi la daino, ile mashine ya kupimia nguvu za gari, huletwa. Fulani alipima, akafunga filta ya koni, akapima tena, farasi 12 zikaongezeka, na karatasi anayo. Sikatai karatasi, nauliza ilipatikanaje. Gari kwenye daino hupimwa boneti ikiwa wazi na feni kubwa ikipuliza mbele, yaani katika hali ambayo koni haikutani kamwe na adui yake mkuu. Filta ya kwanza mara nyingi ilikuwa kuukuu, ya pili mpya. Na kuna jambo la tatu, la hatari kuliko hayo mawili, ambalo linastahili aya yake.

Magari mengi ya kisasa, Subaru za turbo zikiwemo, hupima hewa kwa waya mdogo wenye joto uliowekwa ndani ya mrija mara tu baada ya filta. Hewa inayopita huupoza waya, na kompyuta hukisia kiasi cha hewa kutokana na umeme unaohitajika kuurudishia joto. Sensa hiyo haioni mrija mzima. Inaona kipande kidogo cha mkondo, na kiwanda kimeifundisha kwamba mrija una upana fulani. Ukiitoa kwenye mrija wa milimita 70 ukaiweka kwenye wa milimita 75, eneo la mrija limeongezeka kwa karibu asilimia 15, mwendo wa hewa mbele ya waya umepungua, na kompyuta itaamini hewa ni pungufu kwa asilimia 13 kuliko ilivyo. Itamimina petroli kidogo kuliko inavyotakiwa. Kwa muda mchanganyiko huo mkavu unaweza hata kuongeza nguvu, kwa kuwa kiwanda huweka petroli ya ziada kwa ajili ya usalama, na ndipo farasi za kwenye karatasi zinapotoka. Lakini petroli ile ya ziada ndiyo iliyokuwa ikipoza vichwa vya pistoni. Injini ya turbo ikikosa petroli chini ya mzigo huanza kugonga, na kugonga huko ndiko kunakovunja kingo nyembamba za pistoni zinazoshika ringi. Kumbuka pia kwamba Subaru hizi zilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, yenye oktani inayokaribia 100. Ya kawaida kwenye vituo vyetu haifiki hapo. Kinga ya kugonga tayari ni nyembamba, na mrija mpana unaipunguza tena.

Kwa hiyo kanuni hii usiilegeze: upana wa mrija mahali sensa inapokaa ukibadilika hata kwa milimita 2, gari lisikanyagwe hadi mwisho mpaka kompyuta iwe imeratibiwa upya na mtu mwenye kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli kwenye bomba la moshi. Fundi akikuambia kwamba kompyuta itajizoesha yenyewe, mwulize kwa upole: itajizoesha mguu ukiwa hadi mwisho? Kujizoesha huko hufanyika zaidi mwendo ukiwa wa taratibu. Mzigo ukiwa mkubwa, magari mengi hurudi kwenye jedwali lililoandikwa kiwandani. Wenye Honda za miaka ya 1990 na 2000 wana nafuu, kwa kuwa nyingi hupima shinikizo ndani ya manifodi badala ya mkondo wa hewa, na upana wa mrija hauzidanganyi.

Nimekaa sana kwenye hewa baridi na iliyopimwa. Iliyobaki ni safi, na hapa ndipo Thika na Ruiru zinapotofautiana na nchi ambako filta hizi hubuniwa. Kati ya Ruiru na Juja kuna machimbo ya mawe pande zote, malori ya mawe yanaingia na kutoka mchana kutwa, na mitaa mingi iliyoota pembezoni mwa mashamba ya zamani ya kahawa bado ina barabara za udongo mwekundu. Injini ya lita 2 hupitisha makumi ya mita za ujazo za hewa kwa saa moja ya safari ya kawaida, na chochote kilichomo kwenye hewa hiyo kinakwenda kwenye kuta za silinda. Filta ya karatasi iliyo nzuri hukamata zaidi ya asilimia 99 ya vumbi la kipimo. Filta ya pamba iliyopakwa mafuta hupitisha hewa kwa urahisi zaidi hasa kwa sababu nyuzi zake zina nafasi kubwa. Tuseme moja inakamata asilimia 99.5 na nyingine 97. Masikioni tofauti hiyo ni ndogo, lakini geuza hesabu uangalie kinachopenya: nusu kwa mia upande mmoja, tatu kwa mia upande mwingine. Injini ya pili inakula vumbi mara sita. Na mafuta ya ile pamba, yakipakwa kwa mkono mzito baada ya kuoshwa, husafiri hadi kwenye waya wa sensa na kuugandia, ukarudi kwenye lile balaa la sensa kupima vibaya.

Wengine watanikumbusha Safari Rally, na ni vyema, kwa sababu hakuna shule bora ya somo hili. Subaru ilishinda Safari mwaka 1996 kwa mikono ya Kenneth Eriksson, 1997 kwa Colin McRae na 2000 kwa Richard Burns. Ziangalie picha za magari yale: pembeni ya kioo cha mbele kuna bomba refu lililopanda hadi usawa wa paa. Lile ndilo badiliko la mfumo wa hewa lililofanywa na wahandisi bora wa dunia kwa ajili ya Kenya, na lengo lake lilikuwa kupata hewa iliyo juu ya vumbi na maji ya mito. Mlio haukuwa hoja. Halafu magari hayo yalikuwa na mafundi waliosubiri njiani na vifaa vipya, na injini ilifunguliwa baada ya mashindano. Yako inatakiwa ifike mwaka kesho. Kuna funzo jingine: tangu 1995 FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, iliyalazimisha magari ya turbo ya daraja hilo yapitishe hewa yote kwenye tundu la milimita 34, na bado yalitoa farasi zinazokaribia 300. Tundu likibanwa kiasi hicho ndipo linapokuwa kikomo cha nguvu. Mrija wa kiwandani wa Impreza yako ni mpana zaidi ya mara mbili ya hapo, kwa hiyo kikomo chako kiko kwingine.

Basi ukitaka nguvu, kazi yenyewe ni hii. Weka filta mpya ya karatasi na uikague kila mwezi ukikaa karibu na barabara ya udongo. Hakikisha raba ya mfuniko wa sanduku haijapasuka na klipu zote zinabana, maana sanduku lenye mwanya ni baya kuliko filta wazi. Kisha liletee sanduku hilo hewa baridi zaidi: mpira wa kunyumbuka wenye upana wa milimita 75 hivi, kutoka kwenye uwazi wa grili hadi kwenye mdomo wa sanduku, upande wa kabla ya sensa na kabla ya filta, ambako hauharibu kipimo chochote. Funika mrija uliopita karibu na turbo kwa kitambaa cha kuzuia joto. Usidanganyike na pua ya boneti ya Impreza WRX ya turbo; ile hupeleka upepo kwenye kipoza hewa cha turbo kilicho juu ya injini, na filta yako haipati chochote kutoka hapo. Lakini raba inayozunguka kipoza hicho chini ya boneti huchakaa ikavujisha upepo, na kuibadilisha huleta faida ya kweli kwa gari la turbo. Baada ya kila hatua rudi kwenye daftari na kwenye ubao wa maji. Hatua isiyobadilisha namba, irudishe ilivyokuwa.

Mlio ni haki yako pia, na sioni aibu mtu kuupenda. Sauti ni nusu ya raha ya gari la kasi. Lakini ijulikane inatoka wapi. Ule mvumo wa Subaru unaotambulika ukiwa bado mbali hautoki kwenye filta. Unatokana na mirija ya moshi isiyolingana urefu, ambayo hufanya mipigo ya silinda ifike kwenye turbo kwa vipindi visivyo sawa. Legacy GT iliyotoka Japani mwaka 2003 ilipewa mirija inayolingana, na mvumo ukaondoka, injini ikiwa ya ukoo ule ule. Kinachotoka upande wa hewa ni sauti nyingine: mkoromo mzito unapokanyaga, na msukumo wa pumzi ya turbo. Kiwanda huuzima kwa kisanduku kitupu kilichounganishwa na mrija kabla ya filta, mara nyingi kimefichwa ndani ya fenda. Kazi ya kisanduku hicho ni kumeza mawimbi ya sauti. Kukitoa ni kazi ya nusu saa kwa bisibisi na spana ya namba 10, hakugusi filta wala sensa, na kukirudisha ni rahisi vilevile. Toyota na Subaru walipounda 86 na BRZ mwaka 2012 walikwenda mbali zaidi: walitega mrija wa pembeni wenye kiwambo ndani, unaochukua mtetemo wa hewa na kuupeleka kwenye kabini, bila injini kuvuta hewa yake ya kuunguza kupitia hapo. Waliojenga gari lenyewe walitenga mlio na nguvu. Fundi mzuri wa jua kali anaweza kufanya kitu kama hicho.

Ule mluzi wa hewa ya turbo mguu unapoachia mafuta una bei yake. Vali ya kiwandani huirudisha hewa hiyo kwenye mrija kwa sababu imeshapimwa na sensa. Ukifunga vali inayoitema nje, kompyuta itaendelea kuitilia petroli hewa ambayo haipo tena, na gari litatoa moshi mweusi kidogo, litakula plagi, pengine litazima kwenye makutano. Ukiwa lazima uwe na sauti hiyo, chagua vali inayorudisha sehemu kubwa ndani.

Mambo mawili ya mwisho ni maji na majirani. Mrija unaoshuka hadi chini ya bampa kutafuta hewa baridi hupata hewa baridi kweli, mpaka Aprili ifike. Maji hayakandamiziki; kikombe kimoja kikiingia kwenye silinda hupinda koneksheni rodi, na injini imekwisha. Mdomo wa mrija usishuke chini ya usawa wa taa za mbele, na wakati wa mvua ndefu na za vuli uwe unafungua sanduku mara moja kwa wiki kuangalia kama kuna unyevu. Kuhusu majirani, Thika Superhighway, iliyozinduliwa Novemba 2012, imepita katikati ya makazi ya watu kuanzia Githurai na Kahawa hadi Ruiru na Juja. Kanuni za kudhibiti kelele za 2009, zilizo chini ya sheria ya mazingira inayosimamiwa na NEMA, zimeweka kikomo cha desibeli 50 mchana na 35 usiku nje ya nyumba katika maeneo ya makazi. Mtoto aliyelala Kihunguro, Ruiru, hajali farasi zako. Kisanduku cha kutuliza mlio kikitolewa, mguu uwe mwepesi usiku. Na kabla hujabadilisha lolote, iarifu kampuni yako ya bima kwa maandishi, maana ni rahisi kuiambia sasa kuliko kuieleza baada ya ajali.

Kila baada ya miezi mitatu, injini ikiwa imezimwa na kupoa, fungua mrija ulio kati ya filta na turbo, ufunge kitambaa cheupe kwenye kidole, upanguse ndani kote, kisha ukitoe kwenye mwanga. Kikiwa cheupe, endelea kulifurahia gari lako. Kikitoka na wekundu wa udongo wetu, hewa chafu inapenya. Likague sanduku, klipu na filta, na kama umefunga koni, rudisha sanduku la kiwandani siku hiyo hiyo, kabla hujawasha gari tena.